Wanafunzi Wawili na Mwalimu Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti shuleni Ihanja nikiwa na barua ya ajira, sanduku la bati na koti jeupe lililonizidi mabega. Cheo changu kiliandikwa Fundi Sanifu Maabara. Mkuu wa Shule, mzee mwembamba aliyekuwa akivaa kofia ya sufu hata jua likiwaka, aliisoma barua mara mbili, akaniangalia, kisha akaniuliza kama najua kufundisha Hesabu.

"Hapana, Mkuu. Mimi ni wa maabara."

"Ya maabara nimeyaona. Nilitaka kujua kama una kazi nyingine."

Akanipeleka mwenyewe hadi mlango wa maabara. Ndani kulikuwa na meza sita ndefu za zege, masinki yasiyo na maji na makasha yaliyokuwa bado yamefungwa kamba za kiwandani. Nilifungua kasha la kwanza nikakuta bureti, ile mirija mirefu ya kioo yenye bomba dogo chini, zikiwa zimelala kwenye nyasi kavu kama mayai.

"Hapa kwetu vifaa havivunjiki," akasema kwa fahari. "Miaka minne, hata kimoja."

Havikuvunjika kwa kuwa hakuna aliyewahi kuvitoa. Walimu wa sayansi walikuwa wawili, na wote walifundisha ubaoni. Mwezi wangu wa kwanza niliutumia kufungua makasha, kuosha, kupanga na kuandika kila kitu kwenye leja. Mwezi wa pili nilivunja chupa mbili, nikaandika barua ya kueleza sababu. Mkuu akaipokea kama mtu anayepewa taarifa ya msiba.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mnakuta mitungi ya gesi na mitandao. Nawaeleza tulivyofanya sisi, msije mkadhani maabara zilianza na ninyi. Maji ya bomba ya kwetu yana chumvi nyingi, huwezi kuyatumia kutengenezea myeyusho, kwa hiyo nilikuwa naenda Singida mjini kwa mafundi wa betri za magari kununua maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi hata chembe, narudi na madumu mawili juu ya keria ya basi. Asidi tulizipunguza makali kwa kumimina asidi ndani ya maji, kidogo kidogo, kamwe si maji ndani ya asidi, kwa sababu inachemka na kukurukia usoni. Vyura wa somo la Biolojia niliwatafuta mwenyewe kwenye madimbwi wakati wa masika. Watu wa Ihanja walinizoea. Waliniona nimeinama topeni na kopo wakasema, "Yule mama wa maabara anatafuta mboga yake."

Jina hilo likanishika. Mama Maabara. Kwa desturi yetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi niliolewa miaka mitatu, hatukupata mtoto, tukaachana bila ugomvi. Kwa hiyo niliitikia jina la chumba.

Kuna jambo moja la kazi hii ambalo halikuandikwa kwenye barua ya ajira. Kabla ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, shule huletewa maelekezo ya siri ya vifaa na kemikali za kuandaa. Ukishayasoma, unajua nusu ya mtihani. Kwa siku hizo nilikuwa sitembelei mtu na sitembelewi. Mwanafunzi akinisalimia njiani niliitikia marahaba nikapita. Walimu wenyewe walinikwepa, maana hakuna aliyetaka kushukiwa. Nilikuwa nakula peke yangu, nalala mapema, nikisubiri mtihani upite ndipo nirudi kuwa mtu. Niliishi wiki hizo kila mwaka kwa zaidi ya miaka thelathini, na nikiangalia nyuma naona kwamba zilikuwa zinarefuka. Mtihani ulikuwa unaisha, lakini ile njia ya kukaa kimya ilibaki nami.

Vilevile sikuwa mwalimu. Kwenye chumba cha walimu kulikuwa na viti vya walimu. Karani alikuwa na meza yake, mpishi alikuwa na jiko lake. Mimi nilikunywa chai yangu maabara, kwenye kikombe nilichokitenga mbali na kemikali.

Baada ya miaka kumi na moja nilihamishiwa shule moja upande wa Iguguno. Huko Mkuu wa Shule alikuwa kijana kuliko mimi, mchangamfu, mtu wa mipango. Siku niliporipoti aliniambia, akiniita kwa jina langu mwenyewe, "Mama Zaituni, mimi nataka shule hii isikike." Akaanzisha klabu ya sayansi, akaiweka chini ya mwalimu wa Kemia, kijana mpole aliyekuwa na vipindi vingi kupita uwezo wake. Mwalimu huyo akaniomba nimsaidie. Haukupita muda, klabu ikawa inakutana kwangu kila Jumatano alasiri, mwalimu akipita kuchungulia na kuondoka.

Hapo ndipo nilipomjua Rehema. Alikuwa kidato cha tatu, mtoto wa wafugaji wa kijiji cha jirani. Visima vingi vya pande zile vina madini ya floridi, na anayeyanywa maji hayo tangu utotoni meno yake hubaki na rangi ya kahawia. Rehema alikuwa nayo hiyo. Alizungumza akiwa amefunika mdomo kwa ncha ya hijabu. Jumatano moja, wenzake walipokwisha kuondoka, aliniuliza kama madini hayo yanaweza kutolewa kwenye maji.

Nikamwambia nimewahi kusoma kwamba mkaa wa mifupa ya ng'ombe huyashika.

"Mifupa iko mingi kwetu," akasema. "Kwa nini hatufanyi hivyo?"

Tukafanya. Yeye na mwenzake Petro walikusanya mifupa, tukaichoma ndani ya pipa lililofunikwa. Ukizidisha moto mfupa unakuwa mweupe na nguvu inapungua. Ukiupunguza, maji yananuka nyama. Tuliunguza mifupa ya mapipa matano kabla ya kupata mkaa mweusi wenye ukijivu, mkavu, usio na harufu. Rehema aliandika kila kitu: muda, kuni, rangi, harufu. Tukausaga, tukaujaza kwenye bomba la plastiki, tukapitisha maji ya kisima. Shule haikuwa na kifaa cha kupimia floridi, kwa hiyo nilibeba chupa mbili, ya kabla na ya baada, nikazipeleka maabara ya maji mjini. Mpimaji alinipa majibu kwenye karatasi. Nilisoma nikiwa nimesimama kwenye korido, nikasoma tena. Maji ya chupa ya pili yalikuwa yanafaa kunywewa.

Siku niliyomwonyesha Rehema ile karatasi, alicheka na kusahau kufunika mdomo.

Mkuu wa Shule akaandika kuomba nafasi kwenye maonyesho ya sayansi yaliyokuwa yanafanyika Dodoma. Jibu likaja. Tumekubaliwa. Nafasi zilikuwa za wanafunzi wawili na mwalimu mmoja, kwa siku nne. Mkuu akaniita ofisini, akanikabidhi barua ile kwa mikono miwili.

"Mama, panga safari. Wewe ndiye unayeijua kazi hii."

Nikapanga. Sijawahi kupanga kitu kwa furaha namna ile. Niliandika barua ya kumwomba kibali Afisa Elimu wa Wilaya, nikaipeleka mwenyewe. Nilitafuta hosteli ya watawa ambako Rehema angelala salama. Niliuliza ratiba za mabasi, nikaandika wapi tutabadilisha gari na nani atabeba nini. Vioo nilivifunga kwa makapi ya alizeti, kimoja kimoja, ndani ya kasha nililoliandika pande zote nne: HAPA JUU. Niliwafanyisha Rehema na Petro mazoezi ya kueleza. Mimi nilikuwa mgeni wa maonyesho, nauliza maswali ya kijinga na ya werevu, wao wanajibu. Nilishona na gauni.

Ikabaki ruhusa ya wazazi. Mama yake Petro alisaini siku hiyohiyo. Kwa babake Rehema nilikwenda mwenyewe, kwa miguu, Jumamosi asubuhi. Nilimkuta akitengeneza zizi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Sikumsahihisha. Tukakaa. Nikaeleza mifupa, maji, Dodoma, hosteli. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika panga magotini.

"Huko Dodoma anakwenda na nani?"

"Na mwenzake, na mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Kaka yake alikwenda mjini na watu niliowaamini kwa maneno. Sikumwona tena. Huyu sitaki aende. Lakini kama unakwenda naye wewe, mwalimu, aende." Akaweka dole gumba kwenye wino niliokwenda nao, akaligandamiza kwenye karatasi.

Zikiwa zimebaki siku tano, Mkuu wa Shule aliniita tena. Safari hii hakunikaribisha kukaa. Kibali kilikuwa kimerudi kutoka wilayani na kilitaja msafara kama barua ya mwaliko ilivyoutaja: wanafunzi wawili na mwalimu mmoja. Fundi sanifu si mwalimu. Kwa hiyo angekwenda mwalimu wa Kemia.

"Nimejaribu kuwaeleza," akasema. "Wamesema utaratibu ni utaratibu. Usione vibaya, mama. Jina lako nitalitaja kwenye taarifa."

Nilimwambia sioni vibaya. Nikamwambia pia kwamba babake Rehema alitoa ruhusa kwa sababu niliahidi kwenda mimi.

"Amekuuliza tena?"

"Hapana."

"Basi nyamaza. Ni siku nne tu. Wakirudi na cheti, yeye mwenyewe atatushukuru."

Siku mbili sikulala vizuri. Mwalimu wa Kemia nilimjua, ni mtu mwadilifu, nisingemhofia hata kidogo. Nilijua pia Rehema asingesema kitu nyumbani. Nilichotakiwa kufanya ni kufanya nilichokizoea, yaani kukaa kimya na siri. Lakini kila nikifunga macho nilimwona yule mzee akigandamiza dole gumba lake.

Siku ya tatu nikaenda. Nilimkuta palepale zizini.

"Baba, mambo yamebadilika. Mimi siendi. Anakwenda mwalimu mwingine."

"Mwanamke?"

"Mwanamume. Ni mtu mwema, mimi namfahamu."

"Wewe unamfahamu. Mimi simfahamu." Alisimama, akaweka panga chini. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Asante kwa kuniambia. Basi Rehema atabaki."

Nilimbembeleza. Nilisema kuhusu masista wa hosteli, nikasema mwalimu anaweza kuja ajitambulishe. Akatikisa kichwa. "Mwalimu, maneno nilishayaamini mara moja, yakanitosha."

Nilipogeuka kuondoka, Rehema alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na sufuria mkononi. Alikuwa amesikia yote. Hakulia. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kusoma maandishi yaliyofutika, kisha akaingia ndani.

Petro alikwenda na mwanafunzi mwingine aliyekariri maelezo kwa siku mbili. Nilisimama getini nikawapungia mkono, nikarudi kufagia maabara ambayo nilikuwa nimeifagia asubuhi. Walirudi na cheti, kikatundikwa ofisini kwa Mkuu. Mwalimu wa Kemia alikuja kunishukuru, akaniambia kwamba mtu fulani aliuliza swali kuhusu moto wa kuchomea mifupa na hakuna kati yao aliyeweza kulijibu.

Rehema hakurudi kwenye klabu. Kwenye vipindi vya vitendo alinisalimia kwa heshima, akafanya kazi yake, akaosha vyombo vyake, akaondoka. Nilingoja mwaka mzima aniulize kwa nini, na nilikuwa nimeshapanga majibu. Kisha ukaja mtihani wa mwisho wa vitendo, na mimi nikiwa kwenye siku zangu za siri. Nilisimama mwishoni mwa chumba kama sheria inavyotaka, nikamwona akishusha asidi kutoka kwenye bureti tone kwa tone hadi rangi ilipogeuka, akafunga bomba kwenye tone lenyewe. Mkono haukutikisika. Kwa miaka yangu yote ya kazi sikuona mkono mtulivu kama ule. Nisingeruhusiwa kumwambia. Alipomaliza alikunja koti, akatoka, na shule yake ikawa imekwisha.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa shule ndogo karibu na Mkiwa, pale barabara ya Itigi inapochepuka. Wiki ya kwanza niliingia kwenye duka la pembejeo na dawa za mifugo kununua dawa ya panya. Nyuma ya kaunta alikuwa Rehema, mtu mzima, ana mtoto mgongoni, anamweleza mfugaji mmoja namna ya kupima dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alikuwa anarudia maelezo polepole, kwa Kinyaturu ambacho hakikuwa lugha ya kwao.

"Shikamoo, Mama Maabara."

"Marahaba, Rehema. Hujambo?"

"Sijambo." Akanipa dawa ya panya, akanieleza nisiishike kwa mkono mtupu, kama vile nisingejua. Nilishukuru nikatoka.

Kwa miaka sita nilinunua vitu dukani kwake. Tulizungumza mvua, bei ya alizeti na ugonjwa wa kuku. Lile jambo hatukuligusa. Kila mara nilipotoka niliona kwamba nimeacha kitu kwenye kaunta, na kwamba yeye pia anakiona.

Nilistaafu nikiwa na miaka sitini. Walinipa kitenge, saa ya ukutani na hotuba. Mkuu wa mwisho, mama mmoja mkarimu, alisema shule imepoteza nguzo. Jumatatu iliyofuata nguzo ilikuwa imekaa kwenye chumba chake Singida mjini, ikisikiliza redio. Mstaafu wa kazi kama yangu hana darasa la wanafunzi wanaomkumbuka. Wanamkumbuka aliyewafundisha, na ni haki. Zilipita siku ambazo mtu wa kwanza kunisemesha alikuwa muuza maziwa, naye ndiye alikuwa wa mwisho.

Mwaka huu redio ikatangaza maonyesho ya sayansi, Dodoma, kila mtu anakaribishwa. Nilichukua daftari, nikaanza kuandika: basi, malazi, siku. Mkono ulikumbuka wenyewe. Nilipofika kwenye mstari wa wasafiri niliandika jina langu, nikakaa na kalamu hewani kwa muda. Kesho yake nikapanda gari hadi Mkiwa.

Rehema alikuwa anapanga makopo. Nilimweleza, nikasema ningependa twende wote. Alimalizia safu kwanza.

"Ungenyamaza tu, Mama," akasema. Alikuwa bado ananipa mgongo. "Siku nne. Ungenyamaza."

"Baba yako angejua."

"Angejua nikiwa nimesharudi."

"Nilimwahidi."

"Na mimi? Mimi hukuniahidi?"

Majibu niliyoyapanga mwaka ule niliyaacha. Nilimwambia ukweli, kwamba nimelifikiria miaka yote na sijui kama nilifanya sawa.

Akageuka. "Baba alikufa akiwa anakusifia. Alikuwa akisema yule mwalimu ndiye mtu pekee aliyewahi kurudi kumwambia usoni kwamba maneno yamebadilika. Nilikuwa nasikia hayo nanyamaza." Akajifuta mikono kwa kitambaa. "Mimi pia sijui, Mama."

Mteja akaingia, Rehema akamhudumia. Alipotoka, Rehema akasema hawezi kwenda, ni msimu wa kuogesha, akifunga duka watu watachanganya dawa kwa kukisia. "Wewe nenda. Ukirudi, shuka hapa."

Nilikwenda. Kwenye meza ya mapokezi binti mmoja aliniuliza nimekuja na shule gani. Nikasema sina shule. Akauliza, "Sasa, bibi, umemleta nani?" Nikamwambia sijamleta mtu, nikaandika jina langu mahali pa wageni. Nilitembelea mahema yote kwa siku mbili. Umati ulikuwa mkubwa, watoto wamevaa sare za kila rangi, kila kundi na mtu wake wa kulihesabu. Nilisoma kila bango. Nilikula chakula changu kwenye benchi, nikaandika kurasa kumi na saba.

Siku ya kurudi nilishuka Mkiwa. Rehema alinivutia stuli ndani ya kaunta, akanimiminia chai. Nilifungua daftari nikaanza kueleza, hema kwa hema. Wateja walikuja, akawahudumia, akarudi kusikiliza. Alinikatiza mara moja tu.

"Wasichana walikuwepo?"

"Wengi."

"Wanajieleza wenyewe?"

"Wenyewe. Kuna mmoja alibishana na profesa."

"Alimwambia nini?"

Nikatafuta ukurasa. Basi la Singida lilisimama ng'ambo ya barabara, kondakta akapiga kelele za kuita abiria. Rehema akaniangalia kuona kama nitainuka. Nikaendelea kufungua kurasa, na lile basi likaondoka.